Kambi ya Upinzani, Isipingo

Alhamisi, 4 Novemba 1999

Mvua. Jana mvua, leo mvua. Mikanda yangu imevimba mezani kama nyoka waliomeza panya. Nimeuza mmoja tu, kwa bwana aliyekuwa anakimbilia teksi huku suruali inamdondoka. Huyo si mteja, ni majeruhi.

Lakini habari ya leo si mikanda. Mwenye duka la viatu, mkabala na stendi, amekubali kutuachia kona ya kibaraza chake. Kona yenye paa! Ametaka Umoja wa Wachuuzi Waswahili umpelekee jina la mtu mmoja kabla mwezi haujaisha. La sivyo atapanga makreti yake hapo. Mtu mmoja! Na sisi pale barabarani tuko wengi kama kunguru wa sokoni.

Hata kunguru wenyewe wanajua nani anaihitaji. Mama Larissa. Jina la kanisani Marie-Louise. Msusi, mjane, katoka Bukavu na mtoto mgongoni. Akisuka, vidole huvioni. Mkanda wangu ukilowa nautandaza, unakauka, nasema ni ngozi ya mamba. Kichwa cha mteja kikilowa katikati ya rasta, mteja anaondoka nusu malkia nusu fagio, na harudi tena.

Leo, akikamua taulo, Mama Larissa kanieleza kwamba shemeji yake anamwita Johannesburg akafue mashuka hotelini. Anangojea tu mkutano wa Umoja, Jumapili ya wiki ijayo. "Nikikosa kona, minaenda na mutoto, Papa Domi. Nywele na mvua haziko marafiki."

Nikamwambia aende akalale. Kona ni yake. Mimi, Dominiki, niliyetapika katika bahari zote kubwa za dunia, nimesema.

Akajibu kwamba mimi ninasemaka sana. Nimelipokea kama sifa.

Jumamosi, 6 Novemba

Adui ni mmoja: Achille, mwenyekiti wetu. Mtu wa Lubumbashi, mwenye meza ya simu za kukodi na koti la kila rangi. Anavuka dimbwi la maji machafu kama anakanyaga zulia la ikulu. Anataka aitwe Président. Kona anaitaka kwa simu zake, ninajua. Ushahidi: jana nilimwona akiitazama. Mtu mzima hatazami kona bure.

Nitampinga. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni Kiongozi wa Upinzani, na wanachama wa kambi ya upinzani ni mimi vilevile. Hata shajara inahitaji elimu, kwa hiyo nieleze.

Zamani, nilipokuwa baharia, meli yetu ilishikiliwa bandarini Cardiff kwa kesi ya mwenye meli. Baridi! Meno yalikuwa yanaongea peke yake, bila ruhusa yangu. Kulikuwa na ukumbi mmoja wa kanisa wenye moto, chai na mkate wa zabibu. Sharti lilikuwa dogo: unakula, unamsikiliza Mheshimiwa Gwilym Beynon. Wa chama kidogo cha kwao. Kwao ni Wales, nchi iliyong'ang'ania ubavuni mwa Uingereza kama kupe, au Uingereza ndiyo kupe, inategemea umemuuliza nani. Kondoo wengi kuliko wapiga kura.

Huyo bwana alichangia kila hoja. Basi la kijijini linafutwa? Anasimama, anavuta suruali juu, anapinga. Hospitali inahamishwa? Anapinga. Shule ndogo inafungwa, posta inapunguzwa, bonde la watu linataka kujazwa maji? Suruali juu, anapinga. Alishindwa kila kura, na watu walimshangilia huku wanalia. Nikasema moyoni: Dominiki, kazi yako hii hapa! Kushindwa nilikuwa nakujua tangu darasa la kwanza. Kushangiliwa ndiko kulikuwa hakujafika.

Tangu hapo nimepinga kila hoja ya Achille. Nimepinga muhuri wa Umoja. Nimepinga picha ya pamoja. Nilipinga hata dakika moja ya kumkumbuka marehemu. Nilitaka mbili.

Jumatatu, 8 Novemba

Kampeni imeanza. Nimepita meza kwa meza. Kwa Bupe, muuza chai, mtoto wa Mbeya, moyo mweupe kuliko maziwa yake. Kwa Pascal wa kaseti. Kwa mzee Machano wa miwani ya jua (anauza miwani ya jua, mvuani, ana imani kuliko sisi wote). Nimewaambia nitatoa hoja mwenyewe: kona apewe Mama Larissa. Wamekubali wote, hata waliokuwa wanaimezea mate.

Tatizo likaja. Bupe akauliza: Achille ana maneno mengi ya Kifaransa, akituchanganya, tutajuaje kura ipi ni yetu? Swali la maana. Nikampa jibu la kamanda. Nikasema msisikilize maneno. Tazameni mkono wangu. Ukipanda, pandisheni. Ukikaa, kaeni.

Wamerudia kama wanafunzi. Eish, raha ya jeshi!

Jumatano, 10 Novemba

Sijui niandikeje.

Coletha, katibu wetu, alikuwa mwalimu Bukoba na bado anasoma gazeti kama anasahihisha mtihani. Leo amesoma kwa sauti: wageni wa mkutano mkubwa wa Jumuiya ya Madola wanaingia mjini, na Ijumaa iko mjadala wa wazi katika ukumbi wa kanisa, kuhusu biashara za barabarani. Mmoja wa wageni wa kuchangia, kutoka bunge jipya la Wales, upande wa upinzani, ni G. Beynon.

Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikamwambia tena. Akasema gazeti halibadiliki kwa kurudiwa.

Beynon wangu! Mwaka huu nchi yake imepata bunge lake lenyewe, na yeye humo humo kakimbilia upinzani, kama mbuzi anayejua njia ya zizi.

Nitakwenda. Ila kwenda na hili jaketi langu ni kumtukana mgeni. Makoti ya heshima hapa Isipingo anayo mtu mmoja.

Jioni: nimemwendea Achille. Nilitegemea aninyanyase, nipate la kusema. Amenipa la rangi ya zambarau, akalipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akanifunga kifungo mwenyewe. "Mon cher Dominique, koti haina upinzani." Nimemkasirikia sana.

Ijumaa, 12 Novemba

Mji umepigwa pasi. Bendera kila nguzo, polisi kila robot, yaani kila taa za barabarani. Ukumbini nilikaa mstari wa mbele. Mlinzi aliliona koti, akadhani mimi ni waziri wa nchi fulani yenye rangi hiyo.

Beynon kazeeka! Nywele zimehama kichwani, zimehamia masikioni. Lakini aliposimama, suruali juu. Yule yule!

Wataalamu walikuwa wamechangia kwa michoro na mishale. Yeye hakuwa na mshale. Alisema kwao mama wa sokoni wamehamishwa mara nyingi kwa mipango iliyochorwa na wanaume ambao hawajawahi kununua kabichi. Akasema akisoma sera yoyote, ya basi, ya maji, ya nyumba, anaanza kutafuta humo ndani ni nani atanyeshewa. Asipomwona anyeshewaye, anajua kafichwa. Akasema mpango ulioletwa mezani pale una njia ya magari, una miti, una mahali pa baiskeli, lakini mama mwenye beseni la ndizi hayumo, labda yuko chini ya ule mti, amekatwa na kalamu. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka kifungo cha zambarau kikaruka.

Mambo ya kunyeshewa sikuyashika vizuri. Nadhani ni kwa sababu Wales mvua ni nyingi.

Wakati wa maswali nikasimama. Nilikuwa na swali. Limekimbia. Nikapiga kelele tu: "Cardiff! Mkate wa zabibu!" Kiingereza changu cha melini kikanirudia, nikamweleza ukumbi, moto, baridi. Hakunikumbuka, lakini alikuwa na adabu ya kunikumbuka. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Nikamwambia na mimi ni kiongozi wa upinzani, eneo la kusini. Nikamwalika Jumapili.

Amekubali! Kasema amechoka na hoteli, ndani ya lifti iko muziki.

Jumapili, 14 Novemba

Sitaki kuandika. Ninaandika.

Mkutano nyuma ya mgahawa wa Bernadette, chini ya bati. Mvua inapiga bati kama inadai. Beynon alichelewa. Kapotea na gari la kukodi huko Mobeni katikati ya viwanda, akazunguka ghala moja hadi mlinzi akaanza kumpungia kama ndugu. Akaingia amelowa, amefurahi, akasema hali ya hewa ni ya nyumbani. Bernadette akampa fufu, ugali wa muhogo, na sombe, kisamvu cha kwao. Alikula yote. Coletha akakaa pembeni yake kumtafsiria. Mgeni akatoa kalamu.

Mimi tayari. Koti la zambarau, hotuba kichwani. Jeshi langu limekaa nyuma yangu, macho kwenye mkono wangu.

Achille akasimama kwanza. Akasema bon, hatachelewesha watu na mvua hii. Iko kona moja, iko mama mmoja ambaye kazi yake haiwezi kufanyika mvuani. Anaomba Umoja umpatie Mama Larissa. Voilà. Akakaa.

Voilà!

Mtu umekaza misuli yote kuinua ndoo ya maji, kumbe tupu. Ndivyo nilivyokuwa. Hoja yangu! Katoka nayo mdomoni mwake, safi, fupi, bila jasho. Nikasimama niseme ndiyo. Naapa. Ulimi ulikuwa umeshaikunja hiyo ndiyo tayari kuitoa. Nikageuka kidogo. Beynon alikuwa ananitazama. Kalamu juu ya karatasi. Mzee wangu, aliyevuka bahari, aje amwone Kiongozi wa Upinzani anasimama kukubaliana na serikali?

Mikono ikavuta suruali juu. Yenyewe.

Nilipinga. Mungu nisamehe, nilipinga vizuri. Niliuliza nani ameshirikishwa. Niliuliza leo nywele, kesho nini, kucha? Niliuliza kama paa ni la mmoja au paa ni la taifa. Nilidai tume ya uchunguzi. Nilisema kona isiyojadiliwa ni ukuta unaotuangukia. Sijui maana yake mpaka sasa, lakini Bernadette alilia. Makofi! Makofi yenyewe yale ya Cardiff! Nilifumba macho niyasikie.

Nilipofumbua, Coletha alishahesabu ndiyo, sasa anaita kura ya hapana. Nikainua mkono, kwa kuwa msemaji hawezi kuikimbia hotuba yake. Nikasikia nyuma yangu nguo zinachakacha. Bupe, mkono juu. Pascal, juu. Mzee Machano na miwani yake ya jua, juu. Jeshi langu lote, aminifu, wananikonyeza.

Kura zikalingana. Katiba yetu, Coletha kaiandika kwa mkono wake: kura zikilingana, hoja imeanguka.

Mama Larissa alijifunga kitenge vizuri, akachukua mwavuli, akamshika mtoto mkono. Hakunitukana. Angenitukana ningelala.

Bupe akaninong'oneza: "Kaka, huu mkakati ni mzito. Sehemu ya pili inakuja lini?" Nikamwambia mkakati ni mrefu. Mrefu sana, mdogo wangu.

Nikamsindikiza Beynon hadi kwenye gari. Akauliza yule mama amekosa nini. Nikasema hajakosa kitu, ndiye bora kuliko sisi wote. Akauliza mwenyekiti ni mwizi? Nikasema hapana, koti hili ni lake. Akauliza basi kwa nini. Nikamwambia, kwa fahari iliyobaki: "Upinzani, Mheshimiwa. Kama wewe."

Kwanza alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaacha. Akasema ile hotuba yangu ilikuwa nzuri kuliko nyingi zake. Akasema yeye akiwa mahali pangu angeinua mkono na mwenyekiti na kurudi kwenye fufu. Amepinga mengi, ndiyo, lakini siku ambayo serikali ilileta kitu chema alikiunga mkono, akatukanwa na chama chake, akalala vizuri. Akanishika bega. Akawasha gari. Akaelekea Mobeni tena, kinyume na njia. Sikuwa na nguvu ya kumwita.

Jumanne, 16 Novemba

Mama Larissa anaondoka na basi la Jumatatu. Ameanza kugawa vitu. Kioo chake kampa Bernadette. Mimi kanipa salamu ya kichwa tu, ile ya kumpa mtu usiyemjua.

Lakini Dominiki hakai na kosa kama mtu anayekaa na mgeni. Nina mpango! Kama kona haiji kwake, paa litaenda kwake. Kule Mobeni namjua mlinzi wa kiwanda cha plastiki. Amenipa mapazia ya bafuni yaliyoharibika rangi. Yana bata. Bata wa kijani, lakini bata.

Asubuhi nikayafunga juu ya kiti chake. Kamba sina, nikafunga kwa mikanda yangu, mmoja kwa mwingine. Mama Larissa alitazama huku anakunja taulo. Mteja akaja, mwalimu wa kwaya, dada yake anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Akakaa. Mvua juu, yeye chini mkavu! Nikazunguka kifua mbele. Nikawaita watu waje waone. Nilianza hata kuifikiria Mobeni upya, labda nifungue kampuni.

Maji hayakuwa yanatiririka. Yalikuwa yanakusanyika. Katikati ya pazia tumbo likawa linashuka, likashuka, bata wakanenepa. Nikasema nisukume kidogo kwa ufagio.

Sitaeleza. Mwalimu wa kwaya alisema "Eish!" halafu Kizulu ambacho nakijua kutoka stendi ya teksi na hakiandikwi. Bata wawili walimbakia kichwani. Kaondoka kichwa nusu kimesukwa, nusu kimeoga.

Mama Larissa alikaa kwenye kiti chake, akacheka mpaka akashika mbavu. Nikadhani tumesameheana. Halafu kile kicheko kikageuka bila kubadilisha sauti, nikaona anajifuta macho. Akasema, taratibu kabisa: "Papa Domi, niache niende polepole. Ukinisaidia tena, nitafika Joburg nimekufa."

Alhamisi, 18 Novemba

Nimemwendea Coletha. Nikamwambia katiba ibadilishwe, ichomwe, ipotee. Akasema haihitaji kuchomwa, inahitaji kusomwa. Akanisomea kipengele: hoja iliyoanguka yaweza kurudishwa, iwapo atakayeiomba irudi ni mmoja wa walioiangusha. Waliosema ndiyo hawaruhusiwi. Aliyesema hapana ndiye asimame mbele ya watu, aiombe.

Nikauliza kipengele hicho cha kinyama alikitoa wapi. Akasema alikiweka kwa ajili yangu, tangu mwanzo wa Umoja, alikuwa anasubiri siku.

Kuna sharti la pili. Muombaji anaruhusiwa sentensi moja.

Moja! Mimi kusalimia tu ni aya nzima. Nikauliza sentensi yaweza kuwa na mikato mingapi. Akanitazama kwa macho ya Bukoba. Akasema nikivuta pumzi, hapo ndipo nukta.

Mkutano wa dharura huitishwa na mwenyekiti. Maana yake ni Achille. Nikaenda kichwa chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa dharau, kwa Kifaransa, kwa kila kitu. Nilimkuta anafunika simu zake kwa mifuko ya plastiki, moja moja, kama anawavisha watoto. Nikasema shida yangu. Akasema hakuna shida, Jumapili hii, saa ile ile. Tu! Nikamuuliza, kwa hasira, kwa nini basi ile siku alikuwa anaitazama ile kona. Akasema alikuwa anapima kwa macho kama kioo cha Mama Larissa kitaenea.

Kuna watu hawana huruma. Wanakunyima hata nafasi ya kuwachukia.

Akaomba koti lake. Nimemwambia lipo dobi. Lipo kwenye kamba: nililivaa siku ya mapazia, na bata mmoja kaacha rangi mgongoni.

Jumamosi, 20 Novemba

Nafanya mazoezi. Sentensi ya kwanza ilianzia Cardiff. Nikaikata. Ya pili ilianzia kwa Adamu na Hawa, ambao nao walifukuzwa mahali pazuri. Bupe alisikiliza, akasema nzuri sana, lakini nilipofika katikati alihudumia wateja na akarudi nikiwa bado.

Ya tatu ina "kwa unyenyekevu mkubwa" mara nyingi. Nimeikataa. Haifanani na mimi.

Nimepita kwa Mama Larissa. Masanduku yamefungwa kamba. Larissa kakaa juu ya moja, anamsukia mdoli nywele za uzi. Nikamwomba mama yake aje kesho. Akasema alishakuja mara moja akaona sinema, hana hamu ya kurudia. Nikasema tafadhali. Sikuongeza neno. Nadhani ndicho kilichomshtua.

Jumapili, 21 Novemba

Bati, mvua, Bernadette, fufu. Watu wote. Mama Larissa mlangoni kabisa, mwavuli haujafungwa.

Achille akanipa nafasi. Nikasimama. Mikono ikashuka kuvuta suruali, nikaishika nyuma. Ukumbi mzima unangojea hotuba, Pascal kaleta hadi kinasa sauti. Nilitazama pale alipokuwa amekaa Beynon. Kulikuwa na gunia la viazi. Nilimtazama Larissa, ana maji ya mvua kwenye kope. Maneno yote niliyokuwa nayo, na ninayo mengi, yakasogea pembeni kama watu wanaopisha jeneza.

"Mama Larissa apewe kona, na mimi nilikosea."

Nikakaa. Kiti kilikuwa mbali kuliko nilivyodhani.

Hakuna aliyepiga makofi. Coletha aliandika. Nilimwona ameweka nukta kwa nguvu. Akaita kura ya ndiyo. Niliinua mkono polepole, ukawa mzito kama nanga, na nyuma yangu nguo zikachakacha. Mbele pia. Hata Bernadette, ambaye si mwanachama, aliinua mwiko. Hapana: hakuna. Hoja imepita!

Mama Larissa hakusema asante. Alisimama akatufokea wote, kwamba tulimfungisha masanduku, na zile kamba nani atazifungua, na kioo chake kirudi leo leo, na Bernadette asijifanye hasikii. Alifoka huku machozi yanatiririka na mtoto anaruka ruka. Halafu akanijia mimi. Nikafumba jicho moja.

"Leo umesema kidogo, Papa Domi. Nimekusikia."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvuani, bila haraka.

Alhamisi, 25 Novemba

Mvua! Lakini hebu ona kona ile. Kioo kimesimama, benchi limejaa, mwalimu wa kwaya kasamehe na karudi na dada yake bi harusi. Mama Larissa anasuka na kuimba.

Nimemwandikia Mheshimiwa Beynon kadi ya posta yenye picha ya ufukwe. Nimemjulisha kwamba baada ya shinikizo kali la kambi ya upinzani, serikali ya Isipingo imesalimu amri na mjane amepata haki yake. Maelezo mengine nimeyaacha, kadi ni ndogo.

Jana Mama Larissa aliniita. Akasema kona ni pana kuliko alivyodhani. Kioo hapa, benchi hapa, pale pembeni mikanda yangu yaweza kuning'inia. Mikanda yangu inaoza, akasema, na mimi mwenyewe ninaanza kunuka kama mkanda. Alikuwa anatabasamu. Mimi moyo ulinipiga kama ngoma ya Jumamosi.

Ila nikafikiri. Kiongozi wa Upinzani kupewa paa na mtu aliyemtetea? Watu watasemaje? Nikamwomba, kwa utaratibu mwema, aliweke pendekezo lake kwa maandishi, liende kwa wanachama, lijadiliwe, na mimi nipewe nafasi ya kulipinga kwanza ili niweze kulikubali kwa heshima. Alinitazama, kitana mkononi. Kisha akageuka akamwita Bupe. Sasa birika la chai limekaa pale pembeni, linafuka mvuke, wateja wanakunywa huku wanasukwa, wote wanacheka. Nasikia vizuri. Niko ng'ambo ya barabara tu.

Leo mchana Achille kapita na koti jipya la njano. Kasema Jumapili ataleta hoja: Umoja ununue turubai kwa ajili ya meza zote za upande wa barabara, na waanze na meza yangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayenyeshewa kuliko wote.

Turubai! Bila kunishauri! Tena la bluu! Nani ameshirikishwa? Nani amepima upepo? Leo turubai, kesho nini, mahema ya jeshi?

Nimeshaanza kuandika hotuba ya kuipinga. Karatasi imelowa na wino unatembea mpaka kwenye meza, lakini utangulizi umetoka mzuri sana.